Moto Haunyimwi

Mwaka wa sabini na tano viberiti viliadimika Kibondo, hata mtu akisikika anacho kimoja, watu wakaanza kumwamkia kwa heshima. Ukiuliza madukani unaambiwa jaribu Kasulu, na Kasulu unaambiwa jaribu Kibondo. Basi wanawake wa kijiji kipya cha Nyarugombe wakarudia walivyofanya bibi zao. Asubuhi unatoka nje, unatazama paa la nani linafuka moshi, unachukua kigae chako unakwenda kuomba moto.

Na Waha, wenyeji wa huko, katika jambo hilo hawana mzaha. Moto haunyimwi. Awe mgomvi wako, awe mwanamke aliyekutukana jana mtoni, akisimama mlangoni akapiga makofi ya salamu na kuomba, unainama jikoni unamchagulia kijinga cha moto kinachowaka kuliko vyote. Anayenyima moto, wake mwenyewe huzimika, na nyumba nayo haikawii kuufuata. Veronica alifundishwa hayo na mama mkwe wake wiki ya kwanza ya ndoa, akayashika kama alivyoishika sala ya Baba Yetu, bila kuuliza. Jirani yake Stumai alikuwa mvivu wa kufukia makaa, kila siku mbili tatu yuko mlangoni na kigae, na kila mara Veronica alimpa.

Mama mkwe huyo, Mama Dionis, alikuwa na neno jingine juu ya moto, nalo ndilo lililomwumiza. Mtu akihama huhama na moto wake. Hutoa makaa jiko la zamani, huyabeba kwenye chungu, huyaweka jiko jipya, na hapo ndipo panapoitwa nyumbani. Mwaka uliotangulia, malori ya Operesheni Vijiji yalipopanda kilima cha Rusenga kuwapeleka watu vijijini, hakuna aliyepewa nafasi ya kubeba chungu. Walipakiwa pamoja na mikeka na mbuzi, mapaa yakateremshwa nyuma yao, wakaja kumwagwa kando ya barabara kuu kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Tangu siku hiyo bibi yule hakuiita nyumba yake ya Nyarugombe nyumba. Aliiita kambi. Miguu ikamvimba, kifua kikambana, na kila jioni alimuuliza mwanawe swali lile lile.

"Dionis, mwanangu, nitazikwa wapi?"

Rusenga, katikati ya migomba, alilala mumewe, na wakwe zake, na watoto wake wawili waliokufa wachanga. Nyarugombe hapakuwa na mgomba uliofika mtu kiunoni, na mahali pa kuzikia palikwisha kuonyeshwa na mabwana mipango: uwanja mtupu nyuma ya ofisi ya kijiji, ambako mbuzi wa katibu walifungwa. Dionis alikuwa mtu mpole mwenye kuogopa ofisi. Akiulizwa alitazama miguu yake. Aliyejibu alikuwa Veronica, siku moja, kwa uchungu tu.

"Mama, nitakurudisha kwako. Hutazikwa hapa."

Akishasema, likawa limesemwa, na ahadi ni deni.

Ndipo wakaja wagombea.

Kwa asiyezikumbuka siku zile, chama kilikuwa kimoja tu nchini, na jimbo lilipewa wagombea ubunge wawili, wote wa Chama. Walipanda gari moja, wakala sahani moja, wakasimama jukwaa moja mbele ya wasimamizi, na mwiko kwao kusema lugha yoyote ila Kiswahili. Mmoja aligawiwa alama ya jembe, mwenzake alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma ajue pa kutia kura. Alama hizo hazikuwa na maana zaidi ya hapo. Rais yeye hakuwa na mpinzani. Karatasi yake ilikuwa na picha yake upande mmoja, maana yake ndiyo, na kivuli cheusi upande wa pili, maana yake hapana. Kivuli hakikuwahi kufika Nyarugombe kueleza sera zake.

Lakini hebu fikiri mwenyewe. Watu walioteremshiwa mapaa yao, ukawaletea kadi kubwa yenye picha ya nyumba, mlango katikati na paa zima, kisha uwaambie hiyo ni alama tu, haina maana!

Landrova ilifika vumbi likiwa jekundu hadi kwenye majani ya mihogo. Aliyetangulia kusema alikuwa Jembe, Bwana Leonidasi, Muha wa Kasanda aliyekuwa bwana shamba kwa miaka mingi, mtu wa sauti nzito na kiatu kilichotiwa kiraka.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaosema nchi ina njaa, kwa hiyo serikali ifunge mkoba. Mimi nasema iufungue, na iufungulie hapa! Bomba la maji lifike, zahanati ile ipauliwe, trekta lije. Mkulima mwenye akili hata alale njaa hali mbegu. Fedha ya serikali ni mbegu. Msipoipanda sasa, mtavuna nini?"

Watu wakapiga makofi ya adabu. Lilikuwa neno zuri, ila lilinuka kukaa. Bomba na zahanati ni vya mtu anayebaki.

Kisha akasimama Nyumba, Bwana Athuman Hilali, mtoto wa mwenye duka wa mjini Kibondo, ambaye baba yake alitoka pwani na mzigo wa kanga akaoa huku huku. Kiswahili kilimteleza mdomoni, na alicheka na watu kabla hajawaambia kitu.

"Ndugu yangu kasema vizuri. Lakini mbegu hupandwa na aliyenayo. Mafuta yamepanda bei dunia nzima. Mvua ilitutupa mwaka jana, na huu unga wa yanga, wa mahindi ya njano, mnaokoroga umenunuliwa ng'ambo kwa fedha tusiyokuwa nayo. Baba wa nyumba akiishiwa hufanyaje? Hupunguza! Mkinipeleka Bungeni nitasema serikali ipunguze. Magari yapunguzwe, posho zipunguzwe, mafuta yapunguzwe!"

Veronica alikuwa ameketi chini mbele, mtoto mgongoni, akimnong'oneza mama mkwe wake kwa Kiha kila neno. Alipofika kwenye magari na mafuta, bibi yule akamkamata mkono.

"Muulize," akasema. "Na yale malori?"

Mwanamke kusimama mkutanoni halikuwa jambo dogo. Veronica alisimama.

"Samahani, baba. Mama yangu anauliza, yale malori ya Operesheni nayo yatapunguzwa?"

 Wasimamizi wakatazamana. Katibu Kata, Bwana Bazilio, mtu wa Muyama aliyekuwa na kawaida ya kutabasamu upande mmoja, aliacha kujipepea. Athuman akamtazama Veronica, akatazama umati, na nadhani hapo hapo aliona kura zake zilipo.

"Mama," akasema, "lori haliendi kwa maji. Mafuta yasipokuwapo, lori litalala. Mimi sijasema zaidi."

Uwanja ukalipuka. Vigelegele vilipanda hata watoto wakashtuka. Watu walijua sana kwamba mtu akisema sijasema zaidi, ndiyo amesema. Katikati ya shangwe Veronica alimwona Katibu Kata akimwinamia kijana wa mgambo aliyesimama kando yake, akimuuliza kitu na kumwelekezea yeye kidevu. Kijana huyo alikuwa Theonest, mtoto wa Stumai, jirani yao, aliyejiunga na mgambo kwa ajili ya buti na mgao wa unga. Theonest alisita, kisha akajibu. Wala hukuhitaji kusikia ili ujue alikuwa anataja jina.

Siku ya kura, mwishoni mwa Oktoba, wingu la kwanza likining'inia, Mama Dionis alibebwa kwa machela hadi shuleni. Karatasi za mfano zilibandikwa ukutani, na bibi akasimama mbele ya ile ya Rais kwa muda.

"Huyu mweusi ni nani?"

"Ni kivuli, mama. Maana yake hapana."

"Hana uso?"

"Hana."

"Asiye na uso namwogopa," akasema, akaingia ndani kuichagua picha. Ya ubunge hakuulizia. Alitoka akiwa amenyooka mgongo, jambo ambalo Veronica hakuliona tangu Rusenga.

Nyumba alishinda kwa kishindo. Kule Nyarugombe Jembe aliambulia kura za kuhesabika, nyingine labda za kukosea. Mbunge mpya hakurudi kushukuru. Ilisemekana anapunguza safari, na watu wakamsifu kwa hilo.

Kisha dalili zikaanza kuja, na kila moja watu waliipokea kwa furaha. Redio ya mwalimu ilisema serikali inabana matumizi. Mafundi wa zahanati wakaondoka, kuta zikabaki zimeishia usawa wa madirisha, mvua ikizinyeshea. Mabomba ya maji, yaliyokuwa yamelazwa kando ya barabara tangu Julai yakisubiri kuzikwa, yalipakiwa asubuhi moja yakapelekwa kusikojulikana.

"Fedha imekwisha!" Veronica alimwambia mumewe akicheka. "Bwana Athuman hakusema uongo."

Dionis alikuwa anachonga mpini. Alimaliza kuulainisha upande mmoja kwanza.

"Lililoyabeba mabomba," akasema mwishowe, "si lori?"

"Lori, ndiyo."

"Lilitembea kwa maji?"

Veronica alikasirika, na kwa kuwa swali lile lilimtia hofu akazidi kukasirika. Akamwita mwoga. Akamwambia mama yake anakufa kambini huku yeye anahesabu malori. Maneno hayo yalikuwa makali kuliko alivyokusudia, na yalimpata Dionis pabaya. Kesho yake alichukua panga akaenda Rusenga kukata nyasi za kuezekea.

Hawakuwa wao peke yao. Kaya moja ilitoroka ikisingizia kwenda kuvuna ndizi, nyingine ikasema ina mgonjwa, na kabla Krismasi haijafika paa moja baada ya jingine lilikuwa limerudi mahali pake kwenye kilima kile. Kuta za udongo zilikuwa zimeliwa na mvua pembeni lakini zilisimama. Migomba, kana kwamba inawasubiri, ilikuwa imeinamia chini kwa mikungu.

Mama Dionis alikataa katakata moto wa Nyarugombe usipande Rusenga. Moto wa kambi hauwashi jiko la nyumbani, alisema. Basi Dionis alipekecha vijiti kama watu wa zamani, kijiti kikavu juu ya kingine, hadi viganja vikatoka malengelenge, na moshi ulipotoka Veronica akapuliza, na cheche ilipoingia kwenye nyasi bibi yule aliangua kilio. Alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, kumbe ni furaha. Usiku huo alikula ugali akaomba kuongezewa. Hakuuliza tena atazikwa wapi. Majirani walikuja na vigae vyao, na moto wa jiko lile ukaenea kilima kizima.

Veronica alikuwa na furaha, hilo lisemwe. Lakini ilikuwa furaha ya mtu aliyekaa upenuni huku anatazama njia. Alizoea kunyamaza ghafla akiwa anasaga, kusikiliza upande wa bonde, kisha kuendelea.

Asubuhi aliyoihofia ilifika mwezi wa Machi, ya manyunyu, ukungu umejaa bondeni hata usione daraja. Alisikia makofi mlangoni, ya polepole, ya mtu aliyelelewa.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mwanangu."

Alikuwa Theonest, amelowa chapachapa, kofia ya mgambo ikidondosha maji. 

"Theonest. Umekuja peke yako?"

"Wenzangu wako chini darajani." Hakumtazama usoni. "Hatuna kiberiti, mama. Ofisi nzima haina. Tunaomba moto."

Hakumdanganya kwa neno hata moja. Ndani, kutoka kitandani, sauti ya Mama Dionis ikauliza ni nani.

"Ni Theonest wa Stumai, mama. Yuko na wenzake. Anaomba moto."

Wala bibi hakuwa mjinga. Alikuwa amezaliwa kabla ya Wajerumani kuondoka, na alikwisha kuona watu wenye kofia.  Kuni zikapasuka jikoni.

"Amepiga makofi?" akauliza.

"Amepiga."

"Basi mpe. Mchagulie kizuri."

Veronica aliinama. Ningependa kusema alichagua kibovu, chenye moshi, cha kuzimikia njiani na mvua ile. Hakufanya hivyo, hakujua namna ya kufanya hivyo. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye gogo la mti wa mwiza lililoshika moto hadi ndani, akalitikisa majivu, akampa kijana kwa mikono miwili. Theonest akapokea kwa mikono miwili. Akalifunika kwa koti lake lisilowe, akashuka nalo kwenye ukungu.

Paa la kwanza lilikuwa la chini kabisa, karibu na mto. Juu nyasi zilikuwa mbichi kwa mvua, lakini kwa ndani miezi ya moshi wa jikoni huzikausha zikawa kama tumbaku, na huko ndiko walikoupeleka moto. Moshi ulitoka mzito, wa njano. Kisha paa la pili. Watu wakaanza kupiga yowe, na katikati ya yowe sauti ikasikika ambayo Veronica alikuwa anaisikiliza tangu wahamie: lori likipanda kwa gia ndogo.

Walipofika kwao, wanamgambo walikuwa na adabu. Walisaidia kumtoa bibi kwa machela, wakatoa na chungu na jembe na mkeka. Dionis hakupigana, alisimama kando ya kaburi la baba yake mikono ikining'inia. Theonest alipoingia na kijinga, kilikuwa kimeungua kimebaki kifupi, ikabidi akishike kwa jani la mgomba.

"Ni kile chetu?" Mama Dionis aliuliza kutoka kwenye machela.

"Ndiyo, mama," alisema Veronica.

"Kimefika hadi huku." Akafumba macho. "Kilikuwa kizuri."

Kwenye lori, nyuma ya kiti cha dereva, lilisimama pipa la mafuta limejaa pomoni. Veronica aliweka kiganja juu yake, lilikuwa baridi. Katibu Kata alikuwa chini anajifuta matope, na alipoona anavyolitazama lile pipa akatabasamu upande wake mmoja, bila chuki, kama mwalimu kwa mwanafunzi mzito.

"Mheshimiwa alisema tupunguze, mama, tumepunguza. Bomba limesimama, zahanati imesimama. Ulidhani ile fedha ingekwenda wapi?"

 Veronica alirudi mbio hadi kwenye nyumba yake inayoungua, akaokota kigae, akakwangua makaa mlangoni, vidole vikiungua, akaja nayo. Safari hii angalau wahame na moto. Safari hii iwe kuhama. Dereva akamzuia kwa mkono.

"Moto hauingii humu. Huoni pipa?"

"Ni makaa tu, kaka. Ni ya mama."

"Nimesema hauingii."

Hivyo ndivyo Veronica alivyoona, kwa mara ya kwanza maishani mwake, mtu akinyimwa moto. Aliyaweka makaa chini, manyunyu yakayazima. Lori likaondoka. Mama Dionis alilaza kichwa pajani mwa mkwewe hadi walipovuka daraja. Hapo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi hatujahama," na kabla hawajaifikia barabara kuu alikuwa amekwisha kufa.

Dionis aliomba mama yake arudishwe Rusenga akazikwe. Bwana Bazilio akasema mafuta ya safari ya pili hayapo, na safari hiyo inawezekana alisema kweli. Walimzika alasiri ile nyuma ya ofisi, baada ya kuwahamisha mbuzi.

Jioni waombolezaji wakaja, wamelowa, wakakaa kwenye sakafu ya ile kambi, na hapakuwa na moto wa kuwapashia hata maji. Veronica alisimama, akachukua kigae, akatoka nje kutazama mapaa. Waliorudishwa walikuwa gizani kama yeye. Moshi ulikuwa unatoka paa moja tu upande ule.

Alikwenda. Akasimama mlangoni kwa Stumai, akapiga makofi.

Aliyeinuka alikuwa Theonest, bado amevaa buti. Alimwona ni nani, akainama jikoni. Alichagua muda mrefu, akigeuza kuni hii na hii, hadi akapata kijinga kinachowaka kuliko vyote, akakitikisa majivu, akamletea kwa mikono miwili huku uso wake umegeukia ukutani.

Veronica akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka nacho kwenda kuwapikia waombolezaji.